Stockfish kwenye kompyuta ya gigabaiti 4: kumbukumbu inayotosha michezo ya haraka

Stockfish ni injini ya sataranji isiyouzwa, na kwa mchezaji wa Kigoma mwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, sijaona programu nyingine ya mchezo huu inayompa mtu mengi kiasi hiki bila kumdai hata senti. Tathmini hii hata hivyo haihusu nguvu za injini hiyo, ambazo hakuna anayezibishia, bali inahusu mpangilio wake mmoja, ule wa kumbukumbu, na namna unavyofaa kuwekwa pale mtu anapotaka kucheza au kushindanisha injini kwa dakika 1, 3 au 5. Nimeuchagua mpangilio huo kwa sababu ndio unaovurugwa mara nyingi zaidi na wachezaji wetu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, tena unavurugwa kwa nia njema, kwa kuwa kila mmoja anaamini kwamba injini ikiongezewa kumbukumbu itacheza vizuri zaidi.

Kwa wasioifahamu, Stockfish ilianzishwa mwaka 2008 na Marco Costalba wa Italia kutokana na injini ya Glaurung iliyoandikwa na Tord Romstad wa Norwe, na Joona Kiiski wa Ufini akafanya kazi pamoja nao. Hutolewa kwa leseni huria ya GPL toleo la 3, kwa hiyo kuinakili kutoka kwenye flashi ya mwenzako, kama tufanyavyo huku ili kuokoa bando, si wizi hata kidogo. Tangu toleo la 12 la Septemba 2020, injini hii hupima mikao ya ubao kwa mtandao mdogo wa neva uitwao NNUE, ambao asili yake ni kazi ya Yu Nasu wa Japani aliyeubuni kwa ajili ya shogi, mchezo wa Kijapani ulio ndugu wa sataranji. Mtandao huo nao hukaa ndani ya kumbukumbu na kuchukua makumi ya megabaiti kabla mtu hajagusa mpangilio wowote, jambo ambalo kwenye kompyuta kubwa halihesabiwi, lakini kwenye kompyuta zetu ni sehemu ya bajeti.

Mpangilio wenyewe huandikwa Hash na kiasi chake huhesabiwa kwa megabaiti. Huo ni ukubwa wa jedwali ambamo injini huandika mikao iliyokwisha kuichunguza, yaani kina ilichofikia (idadi ya miendo ya mbele) katika kuuchunguza kila mkao, alama iliyoupa, na mwendo ulioonekana kuwa bora. Haja ya jedwali hilo, liitwalo jedwali la hashi, inatokana na tabia ya sataranji yenyewe, kwamba mkao mmoja hufikiwa kwa njia nyingi. Mweupe akianza na d4, mweusi akajibu Nf6 (farasi kwenda kiwanja cha f6), kisha zikafuata c4 na e6, ubao utakuwa sawasawa na ule uliopatikana kwa kufuata c4, e6, d4 na Nf6. Injini isiyo na jedwali ingeuchambua mkao huo upya kila unapojitokeza, mithili ya mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi aliyesahau daftari nyumbani na sasa analazimika kumuuliza kila mteja deni lake. Kila mkao hupewa namba ya utambulisho kwa mbinu iliyoelezwa na Albert Zobrist mwaka 1970, na namba hiyo ndiyo inayoamua mkao uandikwe wapi katika jedwali.

Manufaa ya jedwali huonekana wazi zaidi mwishoni mwa mchezo, ubao unapobakiwa na wafalme na vitunda vilivyozibana. Mfano ambao wapenzi wa injini wameutumia kwa miaka mingi ni mkao wa Emanuel Lasker na Gustavus Reichhelm wa mwaka 1901. Mweupe ana mfalme a1 na vitunda a4, d4, d5 na f4, mweusi ana mfalme a7 na vitunda a5, d6 na f5, na zamu ni ya mweupe. Ushindi huanzia kwenye mwendo wa Kb1 (mfalme kwenda b1), ambao kwa jicho la haraka hauna maana yoyote. Kwa kuwa wafalme huzunguka na kurudi kwenye viwanja vilevile kwa mifuatano isiyohesabika, injini yenye jedwali hupenya hadi kina kirefu mno, ilhali isiyo nalo huzama katika marudio. Ninampendekezea mwalimu yeyote anayefundisha vijana kutumia injini aanze na mkao huu, kwa sababu ni mfano ambao mtoto wa sekondari anaweza kuupanga ubaoni na kuufuatilia mwenyewe.

Sasa swali ni jedwali liwe kubwa kiasi gani, na jibu lake halihitaji kubahatisha. Ndani ya Stockfish, rekodi huhifadhiwa katika mafungu ya baiti 32, kila fungu likiwa na rekodi 3. Kiasi cha megabaiti 16, ambacho ndicho injini huanza nacho usipoibadilisha, hubeba basi rekodi 1,572,864. Megabaiti 64 hubeba rekodi 6,291,456. Na megabaiti 128 hubeba rekodi 12,582,912. Upande wa pili wa hesabu ni kasi ya kompyuta. Tuchukue kompyuta ambayo kwa nyuzi 2, yaani njia mbili za kazi zinazoendeshwa kwa pamoja, huchunguza mikao 700,000 kwa sekunde, na tuchukue mchezo wa dakika 3 wenye nyongeza ya sekunde 2 kwa kila mwendo. Mchezo ukienda miendo 40, kila mwendo utapata wastani wa sekunde 6.5, na injini itakuwa imepitia mikao 4,550,000 hivi kabla ya kujibu. Idadi hiyo inaingia katika megabaiti 64 na nafasi inabaki, hasa kwa kuwa mikao mingi hujirudia na haihitaji kuandikwa mara ya pili. Katika mchezo wa dakika 1 bila nyongeza, kila mwendo hupata sekunde 1.5, mikao huwa 1,050,000, na zile megabaiti 16 za mwanzo zinatosha kabisa.

Asiyetaka kuiamini hesabu yangu atazame wanachofanya watengenezaji wenyewe. Katika mfumo wao wa majaribio uitwao Fishtest, ambamo kila badiliko la injini hupimwa kwa maelfu ya michezo, michezo mifupi ya sekunde 10 na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde hutumia megabaiti 16, na michezo mirefu zaidi ya sekunde 60 na nyongeza ya sekunde 0.6 hutumia megabaiti 64. Watu wanaopigania kila chembe ya nguvu ya injini hii wasingeacha kumbukumbu bure kama ingewaletea faida katika michezo ya namna hiyo.

Ili kujua kasi ya kompyuta yako, huhitaji intaneti wala kiolesura chochote, yaani programu ya kuonyesha ubao. Fungua faili la Stockfish lenyewe, andika bench 64 2 13, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Namba ya kwanza ni megabaiti za jedwali, ya pili ni nyuzi, na ya tatu ni kina cha utafutaji. Baada ya muda mfupi injini itachapa jumla ya mikao na idadi yake kwa sekunde. Zidisha idadi hiyo kwa sekunde unazotarajia kutumia kwa kila mwendo, ulinganishe na zile rekodi nilizozitaja, na kazi ya kuchagua imekwisha. Uhakiki wa pili hufanyika wakati wa mchezo wenyewe, kwa kuwa injini hutangaza ni sehemu ngapi kati ya 1,000 za jedwali zimejazwa na utafutaji unaoendelea, na violesura vingi huionyesha namba hiyo kwa asilimia. Ikiwa hadi injini inapojibu asilimia hiyo haijafika hata nusu, kuongeza megabaiti hakutaongeza chochote ubaoni.

Hata jedwali likijaa, si msiba. Stockfish huachia rekodi za zamani na zile zenye kina kifupi, kisha huweka mpya mahali pake, na haifuti jedwali kati ya mwendo mmoja na mwingine, hivyo kazi iliyofanywa sekunde chache zilizopita huendelea kutumika baada ya mpinzani kujibu. Kwa sababu hiyo tofauti kati ya megabaiti 64 na 128 katika mchezo wa dakika 3 ni ndogo kiasi kwamba mchezaji wa kawaida hawezi kuiona kwa macho.

Hasara ya kuzidisha, kwa upande mwingine, huonekana na kila mtu. Kijana mmoja anayecheza nasi jioni kwenye baraza huku Mwanga alinijia akiwa na kompyuta iliyokuwa ikiganda katikati ya kila mchezo. "Shikamoo mwalimu," akasema, "nimeipa gigabaiti mbili nzima, lakini bado inakwama." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Inakwama kwa sababu umeipa gigabaiti mbili." RAM ya gigabaiti 4 haibaki gigabaiti 4 baada ya Windows kuwaka na kivinjari kufunguliwa. Jedwali likidai nusu yake, mfumo huanza kuhamisha kurasa za kumbukumbu kwenda kwenye diski, na diski ya kuzunguka, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za mtumba zinazoletwa huku, ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Injini hulisoma jedwali bila mpangilio wowote, mara huku mara kule, kwa hiyo kila ukurasa uliohamishiwa kwenye diski ni kusubiri, na kusubiri huko hukatwa kwenye saa ya mchezo. Zaidi ya hayo, jedwali kubwa hulazimika kusafishwa lote kila mchezo mpya unapoanza. Tulishusha kiasi chake hadi megabaiti 64 na mgando ukaisha papo hapo.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kirahisi. Prosesa ina akiba yake ndogo ya kumbukumbu ya haraka, na jedwali linavyozidi kuwa kubwa ndivyo uwezekano wa kukuta rekodi ndani ya akiba hiyo unavyopungua. Stockfish hujaribu kupunguza tatizo hilo kwa kutumia kurasa kubwa za kumbukumbu. Kwenye Linux jambo hilo hufanyika lenyewe pale mfumo unaporuhusu, lakini kwenye Windows mtumiaji anahitaji kupewa ruhusa maalumu na msimamizi wa kompyuta. Kwa megabaiti 64 sioni haja ya kuhangaika nalo.

Ninalolilaumu katika programu hii ni namna mipangilio inavyowasilishwa. Stockfish haina dirisha lake. Ni injini tupu inayozungumza kwa maandishi kupitia itifaki ya UCI, iliyotolewa mwaka 2000 na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, na mtu hulazimika kuiunganisha na kiolesura kama Arena, Cute Chess au kingine. Katika violesura hivyo Hash ni kisanduku kimoja chenye namba, bila neno hata moja la kumweleza mtumiaji kwamba kiasi kinachofaa hutegemea muda wa mchezo. Kisanduku hukubali namba kubwa kuliko RAM yote iliyomo ndani ya kompyuta, kwa kuwa kikomo cha juu kilichowekwa na injini ni megabaiti 33,554,432, na hiyo ni kumbukumbu ambayo mimi na wewe hatutaimiliki. Mgeni akiona kikomo hicho ni rahisi adhani kwamba amepunja.

Mpangilio wa nyuzi, uitwao Threads, unapaswa kuwekwa kabla ya Hash, na huo ni ushauri wa watengenezaji wenyewe. Idadi ya nyuzi isizidi idadi ya viini vya prosesa. Kwenye kompyuta ya viini viwili, mimi huacha uzi 1 ninapocheza na injini, ili kiini cha pili kiendeshe kiolesura na saa, na pia kwa sababu joto la mchana la Kigoma pamoja na feni iliyojaa vumbi ni mchanganyiko ambao prosesa haiupendi. Prosesa ikipata moto hupunguza kasi yake yenyewe, na hapo hesabu yote ya mikao kwa sekunde inabadilika. Umeme ukikatika na ukabaki na betri, uzi 1 utakufikisha mbali zaidi kuliko nyuzi 2.

Kwa michezo ya haraka kuna mpangilio mmoja ninaouona kuwa na uzito kuliko kumbukumbu, nao ni Move Overhead. Hizi ni milisekunde ambazo injini hujiwekea pembeni ili kufidia muda unaopotea kati ya kuamua mwendo na kiolesura kuupokea. Kiasi cha awali ni milisekunde 10, ambacho kwenye kompyuta nzee iliyojaa programu nyingine ni kidogo mno, na matokeo yake ni injini yenye ushindi wazi ubaoni inayopoteza mchezo kwa saa. Kuiongeza hadi milisekunde 100 au 200 hakuidhoofishi injini kwa kiasi cha kuonekana, lakini huondoa aibu hiyo. Nashangaa kuona watu wakibishana usiku kucha kuhusu megabaiti huku bendera ya saa ikiangukia injini zao kwa sababu ya namba hii ambayo hawajawahi kuifungua.

Toleo la faili nalo linahitaji uangalifu. Stockfish hutolewa kwa namna kadhaa kulingana na aina ya prosesa, na faili lililoandikwa avx2 ni la haraka zaidi kwa mashine nyingi, lakini halitafanya kazi kwenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha Haswell cha mwaka 2013. Injini hujifunga tu bila maelezo, na mwenye kompyuta hudhani faili limeharibika njiani. Kompyuta za mtumba zilizopo madukani huku mara nyingi ni za kizazi hicho cha nyuma, kwa hiyo mnunuzi achukue faili la sse41-popcnt.

Wanaopenda kushindanisha injini mbili wakumbuke kwamba kila injini hujenga jedwali lake. Ukiandika 512 kwa kila moja, umetumia gigabaiti nzima, na bado hujahesabu mitandao ya neva na kiolesura. Katika michezo ya aina hiyo weka megabaiti 64 kila upande, uzi 1 kila upande, na uhakikishe pande zote zimepewa kiasi kilekile, la sivyo matokeo hayana maana. Dirisha la uchambuzi lililoachwa wazi nyuma ya kiolesura nalo linaweza kuwa na Stockfish ya tatu inayokula kumbukumbu kimyakimya.

Nimekutana pia na wazo kwamba kushusha Hash hadi megabaiti 1 kutamfanya mtu aweze kupambana na injini. Haitasaidia. Stockfish yenye megabaiti 1 bado itamshinda yeyote kati yetu, na sidhani kama itatokwa jasho. Kazi hiyo ina mpangilio wake, UCI_LimitStrength, ambao ukiwashwa huruhusu kuchagua kiwango kwa UCI_Elo kuanzia 1320 katika matoleo ya karibuni. Kwa mchezaji wa baraza anayetaka mazoezi ya dakika 5, hapo ndipo programu inapokuwa mwenzi wa kweli.

Majedwali ya miisho ya Syzygy, yaani mafaili yenye matokeo yaliyokwisha kukokotolewa ya mikao yenye kete chache, yaliyotengenezwa na Ronald de Man, hayana uhusiano na Hash ingawa watu huyachanganya. Seti ya hadi kete 5 ni takriban gigabaiti 1, nayo husomwa kutoka kwenye diski. Kama diski yako ni ya kuzunguka, yaache kando katika michezo ya haraka.

Wenye simu tu, ambao kwa kweli ndio wengi miongoni mwetu, wanaweza kutumia DroidFish kwenye Android, programu ya bure iliyo na Stockfish ndani yake. Hapo nisingevuka megabaiti 32, kwa kuwa Android huzifunga programu zinazoshika kumbukumbu nyingi mara tu unapotoka kupokea simu, na ukirudi utakuta injini imeanza upya na jedwali liko tupu.

Mambo hubadilika pale unapoiacha kompyuta ichambue mchezo mmoja usiku kucha. Kwa kasi ileile ya mikao 700,000 kwa sekunde, saa moja ni mikao 2,520,000,000, na hakuna jedwali la kompyuta ya kawaida litakalozibeba rekodi zote hizo. Kwa kazi hiyo, kwenye mashine ya gigabaiti 8, megabaiti 2,048 ni matumizi halali kabisa, mradi kivinjari kifungwe kwanza na asubuhi Hash irudishwe chini kabla ya kuanza michezo ya dakika 3.